Hamira Adimu kwa Wanawake Wenye Saratani ya Uzazi: Funzo kutoka Bukoba na Muleba

UTANGULIZI

Katika vijiji vya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, utengenezaji wa olubisi ni maarifa yaliyorithishwa kizazi hata kizazi. Ndizi zilizoivishwa hukamuliwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya hori la mti lililochongwa mfano wa mtumbwi. Maji yake matamu huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, kisha hori hufunikwa kwa majani ya migomba. Baada ya siku moja hivi maji hayo huwa yametoa povu, yamepata joto, na utamu wake umepungua. Kazi hiyo yote imefanywa na viumbe wadogo mno waitwao hamira.

Viumbe wa jamii hiyo hiyo huishi pia ndani ya mwili wa binadamu. Kwa kawaida hukaa kwa amani. Lakini mwili ukidhoofika, baadhi yao hugeuka kuwa adui. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea kwa wanawake wenye saratani ya viungo vya uzazi, kwa nini hamira zisizo za kawaida huwapata wagonjwa hao, na kwa nini historia ya Kagera inawasaidia walimu na wanafunzi kulielewa somo hili vizuri zaidi.

1. HAMIRA NI KIUMBE WA NAMNA GANI?

Hamira ni kuvu yenye chembe hai moja tu. Uyoga wa porini, ukungu wa mkate na hamira ni ndugu, ingawa hawafanani kwa sura. Chembe moja ya hamira ya pombe ina upana wa kiasi cha sehemu 5 hadi 10 za elfu moja ya milimita. Kwa hiyo chembe 100 hadi 200 zikipangwa katika mstari mmoja zitaenea milimita moja tu.

Hamira nyingi huzaana kwa kuchipua. Kijichembe kidogo huota ubavuni mwa chembe mama, hukua, kisha hujitenga na kuanza maisha yake. Chakula inachokipenda zaidi ni sukari. Mahali pasipo na hewa ya oksijeni, hamira huivunja sukari na kupata alkoholi na kaboni dioksaidi, kama fomula hii inavyoonyesha:

C6H12O6 → 2C2H5OH + 2CO2

Kaboni dioksaidi ndiyo inayotoa povu katika hori la olubisi na kuumua unga wa maandazi. Hamira ifanyayo kazi hizo huitwa kitaalamu Saccharomyces cerevisiae.

Jambo moja linastahili kukumbukwa tangu mwanzo. Bakteria hawana kiini kamili katika chembe yao, lakini hamira inacho, kama ilivyo chembe ya binadamu. Kwa sababu ya ukaribu huo, si rahisi kupata dawa inayoua hamira bila kuudhuru mwili wa mgonjwa.

2. HAMIRA KATIKA MWILI WENYE AFYA

Hamira ijulikanayo zaidi mwilini ni Candida albicans. Huishi mdomoni, utumbo na ukeni mwa watu wengi wenye afya bila kuwasumbua. Mwaka 1839 mtaalamu wa Ujerumani, Bernhard Langenbeck, aliieleza kuvu ya namna hiyo aliyoiona katika utando mweupe wa mgonjwa wa homa ya matumbo. Jina la Candida albicans lilitolewa mwaka 1923 na Christine Berkhout, mwanasayansi wa Uholanzi.

Ni nini kinachoizuia hamira hii isienee? Katika uke wa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, kuna bakteria marafiki waitwao laktobasili, ambao Albert Döderlein wa Ujerumani aliwaeleza mwaka 1892. Bakteria hao hula sukari inayotokana na chembe za utando wa uke na kutoa asidi ya laktiki, asidi ile ile inayochachusha maziwa mgando. Kutokana na asidi hiyo, kipimo cha pH cha uke huwa kati ya 3.8 na 4.5, hali ambayo vijidudu wengi wabaya hawaipendi. Laktobasili hujaza nafasi, hula chakula kilichopo, na hivyo hamira hubaki chache.

Mizani hiyo inaweza kuvurugika. Dawa za kuua bakteria huwaua pia laktobasili. Mimba na ugonjwa wa kisukari huongeza sukari ambayo hamira huila. Hapo hamira hustawi, na mwanamke hupata muwasho mkali na uchafu mweupe mzito unaofanana na maziwa yaliyoganda. Inakadiriwa kuwa wanawake 3 kati ya kila 4 hupatwa na hali hiyo angalau mara moja maishani mwao. Kwa hiyo ugonjwa huu si dalili ya uchafu wala ya tabia mbaya. Ni mizani ya viumbe iliyovurugika, na mara nyingi hupona kwa dawa nyepesi.

3. MWAKA 1983 KATIKA HISTORIA YA KAGERA

Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Mwaka huo huo wanasayansi wa Paris, akiwemo Françoise Barré-Sinoussi, walitangaza virusi ambavyo baadaye vilithibitika kuwa ndivyo vinavyosababisha ugonjwa huo. Na mwaka huo huo tena, huko Ujerumani, kundi la Harald zur Hausen lilitangaza kwamba limepata katika saratani ya mlango wa kizazi aina ya 16 ya virusi vya papiloma. Ugunduzi wote huo ulitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2008. Kwa wanawake wa Bukoba na Muleba virusi hivyo viwili havikuwa habari za mbali, kwa kuwa vilikuwamo miilini mwa majirani zao.

Mwaka 1987 watafiti kutoka Muhimbili, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden, waliwapima watu wazima wa Kagera. Katika mji wa Bukoba walikuta virusi vya UKIMWI kwa asilimia 24.2 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 54, na katika vijiji vya Bukoba na Muleba kwa asilimia 10 hivi. Wananchi walibadili mienendo yao, na idadi hiyo ikashuka. Mjini Bukoba ilifika asilimia 18.3 mwaka 1993 na asilimia 13.3 mwaka 1996. Wilayani Muleba ilifika asilimia 4.3 mwaka 1999.

Katika miaka ile ya mwanzo vipimo vya damu vilikuwa haba katika hospitali za Afrika. Mwezi Oktoba 1985 Shirika la Afya Duniani liliitisha mkutano mjini Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako ilikubaliwa orodha ya dalili za kumtambulia mgonjwa wa UKIMWI bila maabara. Hamira zilitajwa humo mara mbili. Utando mweupe wa kandida mdomoni na kooni uliwekwa miongoni mwa dalili ndogo. Homa ya uti wa mgongo iletwayo na hamira nyingine, Cryptococcus, ilihesabiwa kuwa dalili tosha peke yake. Kwa maneno mengine, daktari aliyemkagua mgonjwa mdomoni kwa kurunzi alikuwa anaisoma hali ya kinga yake kupitia hamira.

4. WALINZI WAWILI WA MWILI

Hapa palitokea fumbo. Wagonjwa wa UKIMWI walijaa kandida midomoni na kooni, lakini ilikuwa nadra hamira hiyo kuingia katika damu yao. Wagonjwa wa saratani waliotibiwa kwa dawa kali walikuwa na hatari tofauti. Kwao hamira iliweza kupenya hadi katika damu, ini, figo na macho. Kwa nini?

Jibu ni kwamba mwili una walinzi wawili dhidi ya hamira, na kila mmoja analinda mahali pake.

Mlinzi wa kwanza ni chembe nyeupe za damu zinazoitwa chembe za T. Hizi huongoza ulinzi wa utando laini wa mdomo, koo na viungo vingine vinavyogusana na nje. Virusi vya UKIMWI huharibu hasa kundi la chembe za T lenye alama ya CD4. Zikipungua, hamira huenea juu ya utando.

Mlinzi wa pili ni chembe nyeupe ziitwazo nyutrofili. Kazi yake ni kumeza na kuua hamira yoyote inayopenya na kuingia ndani ya nyama au damu. Nyutrofili huishi muda mfupi, kwa hiyo uboto wa mifupa hauna budi kutengeneza nyingine kila siku. Dawa za saratani huua chembe zinazogawanyika upesi, na uboto hugawanya chembe zake upesi sana. Ndiyo maana nyutrofili hupungua siku chache baada ya mgonjwa kupewa dawa hizo.

Mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI asiyepata dawa zake, ambaye pia anatibiwa saratani, anaweza kuwapoteza walinzi wote wawili kwa wakati mmoja. Hilo ndilo jambo kuu katika somo hili. Hamira yaweza kuwa ile ile iliyokuwamo mwilini miaka yote, ila mwenyeji wake ndiye aliyebadilika.

Tena, si kwa bahati kwamba magonjwa hayo mawili hukutana katika mwili mmoja. Kwa kawaida mwili wenye kinga huviondoa virusi vya papiloma wenyewe. Kinga ikidhoofika, virusi hivyo hudumu, na baada ya miaka mingi huweza kuleta saratani. Imekadiriwa kuwa mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI ana hatari ya saratani ya mlango wa kizazi mara 6 kuliko asiye navyo. Mwaka 1993 Marekani iliingiza saratani hiyo katika orodha ya magonjwa yanayoutambulisha UKIMWI.

5. JINSI SARATANI NA TIBA YAKE ZINAVYOIFUNGULIA HAMIRA NJIA

Saratani za uzazi wa mwanamke ni pamoja na ile ya mlango wa kizazi, ya mji wa mimba, ya ovari na ya uke. Ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Tanzania. Makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya zaidi ya 10,000. Njia ambazo hamira huzitumia kwa wagonjwa hao ni hizi zifuatazo:

(a) Uvimbe wenyewe. Saratani huvunja utando laini na kufanya vidonda. Ukuta uliokuwa mzima huwa na nyufa.

(b) Mionzi. Mionzi huua chembe za saratani, lakini hujeruhi pia utando wa uke, kibofu na utumbo ulio karibu. Laktobasili nao hubadilika, na mizani ya asidi huvurugika.

(c) Dawa za saratani. Hizi hupunguza nyutrofili, kama ilivyoelezwa hapo juu, na huleta vidonda mdomoni na utumboni, mahali ambapo hamira zinaishi tayari.

(d) Mirija. Saratani ya mlango wa kizazi ikikua huweza kuibana mirija iletayo mkojo kutoka katika figo. Madaktari hulazimika kuweka mirija ya plastiki. Mingine huwekwa katika mshipa wa damu kwa ajili ya dawa na chakula. Hamira hujishikiza juu ya plastiki, hutengeneza utando wa kujikinga, na dawa hushindwa kupenya.

(e) Upasuaji. Saratani ya ovari huhitaji upasuaji mkubwa wa tumbo. Utumbo ukitoboka, hamira zake humwagika ndani ya tumbo.

(f) Dawa za kuua bakteria. Mgonjwa mwenye homa hupewa dawa nyingi za namna hiyo. Bakteria marafiki hufa, na hamira hubaki bila mpinzani.

6. HAMIRA ADIMU

Hamira inayowaambukiza wagonjwa mara nyingi zaidi ni Candida albicans. Lakini mwili uliopoteza walinzi wake huweza kushambuliwa hata na hamira ambazo kwa mtu mwenye afya hazina nguvu yoyote. Zifuatazo ni baadhi yake.

Candida glabrata ina chembe ndogo na haioti nyuzi mwilini. Kinasaba iko karibu zaidi na hamira ya pombe kuliko na Candida albicans, na wataalamu sasa huiita Nakaseomyces glabratus. Mara nyingi dawa ya flukonazoli haiiwezi vizuri.

Candida krusei ina ukinzani wa asili dhidi ya flukonazoli. Mwaka 2018 watafiti walioisoma mipangilio ya vinasaba vyake walionyesha kuwa ndiyo hamira ile ile iitwayo Pichia kudriavzevii, ambayo hupatikana katika vyakula na vinywaji vilivyochachuka vya nchi nyingi, Afrika ikiwemo. Hii haina maana kwamba anywaye kinywaji kilichochachuka ataugua. Maana yake ni kwamba kiumbe asiyedhuru jikoni aweza kudhuru wodini.

Rhodotorula huota katika maabara ikiwa na rangi ya waridi inayopendeza. Hupatikana katika hewa, maji na udongo. Kwa mgonjwa hupenda kuingia kwa njia ya mirija ya mishipa, nayo pia haisikii flukonazoli.

Trichosporon ni hamira inayoota nyuzi ambazo hukatika vipande vipande. Huwapata hasa wagonjwa wenye nyutrofili chache, na haiuawi na ekinokandini, jamii mpya ya dawa za kuvu.

Saccharomyces cerevisiae, yaani hamira ya pombe na mkate, nayo imewahi kukutwa katika damu ya wagonjwa mahututi, hasa wale wenye mirija katika mishipa.

Candida auris ilielezwa mara ya kwanza mwaka 2009 nchini Japani, ilipopatikana katika sikio la mgonjwa. Neno auris ni Kilatini cha sikio. Hukaa juu ya vitanda na vifaa, huambukizwa kutoka mgonjwa hadi mgonjwa, na huzishinda dawa kadhaa kwa pamoja. Haiko mbali na Kagera. Katika hospitali moja ya Nairobi, kati ya wagonjwa wa mwaka 2010 hadi 2016 waliokuwa na kandida katika damu, zaidi ya theluthi moja walikuwa na hamira hii. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika daraja la juu kabisa la kuvu za kuogopwa, pamoja na Candida albicans na Cryptococcus neoformans.

7. JINSI MAABARA INAVYOITAMBUA HAMIRA

Ni dhahiri kwamba daktari hawezi kuchagua dawa ifaayo bila kujua anapigana na hamira ipi. Kwa macho zote hufanana. Maabara hufuata hatua hizi.

Kwanza, uchafu kidogo huwekwa juu ya kioo pamoja na potasiamu haidroksaidi. Dawa hii huziyeyusha chembe za mgonjwa, na hamira hubaki zikionekana wazi kwa hadubini.

Pili, hamira huoteshwa juu ya chakula maalumu kwa siku moja hadi tatu. Kuna chakula chenye kemikali zinazobadili rangi, ambapo Candida albicans huwa ya kijani na Candida krusei huwa ya waridi na yenye uso mkavu.

Tatu, kuna kipimo rahisi kinachoweza kufanywa hata katika hospitali ya wilaya. Chembe chache za hamira hutiwa katika maji ya damu ya binadamu yasiyo na chembe nyekundu, na kuwekwa katika joto la nyuzi 37 za Selsiasi kwa saa 2 hadi 3. Candida albicans huota kijimkia kirefu, mfano wa mbegu inayoota mzizi. Candida glabrata na Candida krusei haziufanyi mkia huo. Kipimo hiki hakitaji jina la hamira adimu, lakini humwonya daktari kwamba aliyonayo huenda si ile ya kawaida. Akipata onyo hilo, sampuli hupelekwa katika maabara kubwa zaidi.

8. DAWA ZINAFANYAJE KAZI?

Utando wa chembe ya binadamu umeimarishwa kwa kolesteroli. Utando wa hamira umeimarishwa kwa mafuta mengine yaitwayo ergosteroli. Tofauti hiyo ndogo ndiyo wanasayansi waliyoitumia.

Mwaka 1950 wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, walitangaza dawa ya kwanza ya kuvu iliyofaa kwa binadamu. Hazen alikuwa New York na Brown alikuwa Albany, nao walipelekeana sampuli za udongo na kemikali kwa njia ya posta. Dawa hiyo waliiita nistatini, kwa heshima ya Jimbo la New York, na mapato yake waliyatoa kwa ajili ya utafiti wa sayansi. Nistatini hushikamana na ergosteroli na kutoboa utando wa hamira. Amfoterisini B hufanya vivyo hivyo, na huweza kutiwa katika mshipa, ingawa yaweza kuzidhuru figo.

Flukonazoli hufanya kazi kwa njia nyingine. Haitoboi utando, bali huzuia kimeng'enya kinachotengeneza ergosteroli. Katika Candida krusei, dawa hii haikishiki vizuri kimeng'enya hicho, na chembe ina pampu za kuitoa dawa nje. Ndiyo sababu mgonjwa aliyepewa flukonazoli kwa muda mrefu aweza kuponywa hamira ya kawaida na kuachiwa ile adimu. Dawa imeondoa zile dhaifu na kuisafishia njia ile sugu. Mwanafunzi atatambua hapa kanuni ya uteuzi wa asili ikifanya kazi ndani ya mwili wa mtu mmoja.

9. HATARI YA KUITA KILA DALILI "FANGASI"

Liko jambo la kutia wasiwasi zaidi kuliko hamira adimu yenyewe. Mwanamke akiona uchafu ukeni, mara nyingi huambiwa kuwa ni fangasi, naye hununua dawa dukani. Uchafu ukirudi, hununua tena. Lakini uchafu wenye harufu mbaya, uchafu wenye damu, kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, kutokwa damu katikati ya mwezi au baada ya hedhi kukoma, na maumivu ya nyonga yasiyokwisha, ni dalili zinazoweza kuwa za saratani ya mlango wa kizazi. Hakuna dawa ya hamira itakayoziondoa. Kila mwezi unaopita katika kununua dawa hizo ni mwezi anaoupata uvimbe ili ukue.

Mwanamke wa Muleba aliyechelewa ana safari ndefu. Hospitali za Ndolage, Rubya na Kagondo wilayani mwake, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, zinaweza kumpokea na kumchunguza. Lakini tiba ya mionzi ataifuata katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, ng'ambo ya ziwa, au katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Safari hiyo hugharimu fedha, na humtenga mama na watoto na shamba lake kwa majuma mengi.

Kinga ipo, nayo si ghali. Kipimo kimoja hutumia siki. Mhudumu hupaka mlango wa kizazi asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5. Baada ya dakika moja hivi, sehemu yenye chembe zilizoanza kuharibika hugeuka nyeupe. Sehemu hiyo huweza kugandishwa au kuchomwa kabla haijawa saratani. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake wenye virusi vya UKIMWI waanze kupimwa wakiwa na miaka 25, na wengine wakiwa na miaka 30.

Chanjo nayo ipo. Aina za 16 na 18 za virusi vya papiloma husababisha kiasi cha asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima mwaka 2018. Mwaka 2024 ilianza kutoa dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Hao ni wanafunzi wa shule za msingi na wa vidato vya kwanza, na mwalimu wao ana nafasi kubwa ya kuwaeleza wao na wazazi wao.

Kwa wanawake wenye virusi vya UKIMWI, dawa za kufubaza virusi humrudisha kazini mlinzi wa kwanza. Chembe za CD4 zikiongezeka, hamira za mdomoni na kooni hupungua.

HITIMISHO

Hamira haikugeuka kuwa mbaya pale ilipotoka katika hori na kuingia wodini. Kinachoamua kama itakuwa rafiki au adui ni hali ya mwili inaoukuta: laktobasili, utando mzima, chembe za T na nyutrofili. Kutokana na hayo, wajibu ni wa namna mbili. Kwa mgonjwa wa saratani aliye hospitalini, hamira itambuliwe jina lake kabla ya kuaminiwa dawa. Kwa mwanamke aliye kijijini, uchafu usiopona uchunguzwe kabla ya kupewa jina la fangasi. Katika yote mawili, kutambua hutangulia kutibu.

JARIBIO LA DARASANI

Vifaa: chupa 4 ndogo, maputo 4, hamira ya dukani, sukari, maji ya uvuguvugu, maji baridi.

Chupa ya 1: maji ya uvuguvugu, sukari vijiko 2, hamira kijiko 1.
Chupa ya 2: maji ya uvuguvugu na hamira kijiko 1, bila sukari.
Chupa ya 3: maji ya uvuguvugu, sukari vijiko 2, na hamira kijiko 1 iliyochemshwa kwanza kwa dakika 10.
Chupa ya 4: maji baridi sana, sukari vijiko 2, hamira kijiko 1.

Kila chupa ivishwe puto mdomoni. Baada ya dakika 45 wanafunzi wapime mzunguko wa kila puto kwa uzi na rula, na kuandika matokeo katika jedwali.

Tahadhari: sampuli yoyote itokayo katika mwili wa binadamu isioteshwe shuleni. Kazi hiyo ni ya maabara ya hospitali.

MASWALI

1. Eleza kwa nini puto la chupa ya 3 halikujaa, ingawa sukari ilikuwamo.

2. Kwa nini dawa za kuua bakteria zinaweza kuongeza hamira ukeni?

3. Linganisha kazi ya chembe za T na ya nyutrofili. Ni mlinzi yupi huathiriwa zaidi na virusi vya UKIMWI, na ni yupi huathiriwa zaidi na dawa za saratani?

4. Mgonjwa aliyetumia flukonazoli kwa majuma mengi amepata homa, na hamira imeonekana katika damu yake. Kipimo cha kijimkia hakikuonyesha mkia. Daktari atashuku nini, na kwa nini asiongeze flukonazoli ile ile?

5. Dawa inayoshambulia ergosteroli huweza kuua hamira bila kuua bakteria. Eleza sababu.

6. Andika barua fupi kwa mama mmoja wa kijijini, ukimweleza kwa lugha nyepesi na ya heshima ni lini uchafu ukeni humlazimu kwenda hospitali badala ya dukani.